Ratiba Ndefu, Macho Mawili: Majibu kwa Wanaokwenda Tamasha la Filamu

Tangu tuchapishe makala kuhusu sinema ya Afrika Mashariki, barua zimekuwa zikitufikia kwa wingi, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu wa kawaida, asiye mwigizaji wala mwanahabari, huingiaje katika tamasha kubwa la filamu, na akishaingia afanye nini humo ndani? Nimechagua barua tatu, moja ya Kisumu, moja ya Nakuru na moja ya Kakamega. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa mengi yaliyoulizwa na wengine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Kisumu na mlezi wa chama cha drama. Nimewapeleka wanafunzi kwenye tamasha la drama na filamu la shule mara kadhaa, lakini sijawahi kuhudhuria tamasha la filamu la watu wazima. Sisi walimu wanne tumekuwa tukichanga ili twende Zanzibar kwenye ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la huko. Nimeipitia ratiba ya zamani nikachanganyikiwa: filamu ni nyingi, kumbi ni kadhaa na saa zinagongana. Je, tunahitaji mwaliko? Na tujipange vipi tusije tukarudi tukiwa tumezungukazunguka tu? — Mwalimu, Kisumu

Mwalimu, hamhitaji mwaliko wowote. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowazuia wengi: wameona picha za Cannes, zulia jekundu na magauni marefu, wakadhani kila tamasha ni vivyo hivyo. Cannes, ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1946, kwa sehemu kubwa ni mkutano wa watu wa kazi hiyo, yaani waongozaji, watayarishaji, wanunuzi na wanahabari, na asiye na kitambulisho cha tamasha hubaki barabarani akihesabu magari. Berlin na Toronto si hivyo. Huko tiketi huuzwa kwa yeyote anayezitaka, na tuzo ya Toronto inayozungumzwa kuliko zote hutolewa kwa kura za watazamaji wenyewe tangu mwaka 1978. Tamasha la Zanzibar, lililoasisiwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata, liko upande huo wa umma. Jina lake jingine ni Tamasha la Nchi za Jahazi, muziki umekuwa sehemu yake tangu zamani, na kwa miaka mingi limekuwa na desturi ya kupeleka maonyesho hata vijijini Unguja na Pemba ili mkulima naye asipitwe. Mtalipia onyesho mnalolitaka au pasi, na mtaingia kama watu wengine.

Kuhusu ratiba, nadhani kinachokusumbua ni mazoea ya tamasha la shule. Kule, kama ilivyokuwa Nakuru mwezi Aprili 2025, shule hupanda jukwaani moja baada ya nyingine, na aliyekaa katika ukumbi wake tangu asubuhi huletewa kila kitu cha kitengo hicho bila kunyanyuka. Tamasha la filamu halikuletei kitu. Lina kumbi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, na kila unapochagua filamu moja umezikataa nyingine mbili au tatu. Ni sawa na soko la Kibuye hapo Kisumu siku ya Jumapili: mwenye akili haingii sokoni na nia ya kununua kwa kila muuzaji, huingia akijua alichofuata, na macho yakivutiwa na kingine njiani, hiyo ni bahati yake.

Sasa mfuate nini? Mimi hutumia kipimo kimoja, nacho hakijaniangusha: je, filamu hii itanifikia nyumbani nisipoifuata? Ikiwa ni filamu yenye waigizaji wanaojulikana dunia nzima na kampuni kubwa nyuma yake, itafika tu, iwe katika jumba la sinema, katika mtandao wa kulipia au katika simu ya mwanafunzi wako, na hakuna sababu ya kuvuka bahari kuitazama. Zifuateni zile ambazo hazitafika. Filamu ya kwanza ya mwongozaji kijana kutoka Msumbiji, filamu ya hali halisi kutoka Sudan, filamu ya Komoro ambayo hamkujua kwamba ingeweza kuwepo: hizo ndizo za kukatia tiketi.

Huenda ukauliza kwa nini zisifike, ilhali siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Jibu liko katika biashara. Haki za kuonyesha filamu huuzwa nchi kwa nchi au eneo kwa eneo, na kwa filamu ndogo mara nyingi hapatikani mnunuzi anayejisumbua na Afrika Mashariki. Kwa hiyo filamu hutembea kutoka tamasha moja hadi jingine kwa mwaka mmoja au miwili, kisha hutoweka machoni pa watu. Hata zetu wenyewe hupata shida hiyo. Filamu ya Kenya iitwayo Kati Kati ilipewa tuzo ya wahakiki wa kimataifa huko Toronto mwaka 2016, nawe waulize walimu wenzako katika chumba cha walimu ni wangapi kati yao waliopata nafasi ya kuiona katika ukumbi.

Isitoshe, kuna sababu ya kiufundi inayowafanya wengi kuwalaumu waandalizi bure. Filamu haiji tena katika mikanda mizito ndani ya makopo. Huja ikiwa faili kubwa la kompyuta, na mara nyingi faili hilo hufungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaofunguka katika projekta iliyotajwa, ndani ya tarehe na saa zilizotajwa. Muda huo ukipita, kifaa kilicholibeba ni kipande cha chuma tu. Ndiyo maana ukikosa onyesho la saa nane na kumsihi mwandalizi alirudie kesho, hata akikuhurumia huenda asiweze. Fikeni mapema.

Namna ya kujipanga ni hii. Ratiba ikishatoka, mkae wanne, kila mmoja ataje filamu mbili ambazo hayuko tayari kuzikosa, mzipange hizo kwanza, na nafasi zitakazobaki mzijaze baadaye. Zinapogongana, gawaneni: wawili huku, wawili kule, kisha usiku msimuliane. Makundi yanayosafiri pamoja na kukaa safu moja katika kila onyesho huwa yamelipa nauli ya watu wanne kwa macho ya mtu mmoja. Filamu ndefu mbili za mchana na moja ya usiku zatosha kabisa kwa siku. Nimewaona watu wakiingia katika onyesho la tano wakiwa na shauku ya kuhesabu badala ya kutazama, na kesho yake hawakumbuki nani alimwoa nani. Msikidharau kikao cha filamu fupi, maana ndani ya saa moja na nusu mtaona kazi tano au sita, na kwa mlezi wa chama cha drama hapo ndipo penye faida kubwa kuliko popote: wanafunzi wako hawana uwezo wa kutengeneza filamu ya saa mbili, lakini ya dakika nane wanaiweza, na wewe utakuwa umeona jinsi wengine walivyoibana.

Usiku mahali pa kuwa ni Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, jirani kabisa na lile jumba la Beit al-Ajaib ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ndani ya ngome mna uwanja wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia, skrini huwa mbele, na juu ni mbingu tupu. Kwa kuwa ni nje, onyesho haliwezi kuanza mpaka giza litande. Jua la Unguja katika miezi ya tamasha huzama saa kumi na mbili na robo hivi, kwa hiyo kabla ya saa moja usiku picha haionekani vizuri, ratiba iseme itakavyosema. Jiwe hilo limeota jua mchana kutwa, nalo huanza kuwa gumu kweli ukifika katikati ya filamu, basi kila mmoja achukue leso ya kukunja na kukalia. Upepo wa kusi huvuma kutoka baharini, na sisi tuliozoea joto la Kisumu huudharau hadi meno yanapoanza kugongana. Sweta moja jepesi litakufaa. Jambo jingine ambalo hakuna anayewaambia wageni: maneno ya tafsiri hupita chini kabisa ya picha, na ukikaa ngazi za chini nyuma ya bwana mrefu mwenye kofia, utatazama filamu nzima bila kujua wanasema nini. Pandeni ngazi za juu. Adhana ya Isha itasikika kutoka misikiti ya mji, nanyi tulieni tu, kama wenyeji wanavyotulia. Njaa ikiwauma, bustani ya Forodhani iko ng'ambo ya barabara, na urojo wa pale, ule mchuzi mzito wa Zanzibar, hata wapenzi wa samaki wa Dunga wataupa heshima yake.

Filamu ikiisha, msikimbilie mlangoni. Mara nyingi mwongozaji huwa yupo na husimama mbele kujibu maswali, na hilo ndilo jambo ambalo hakuna mtandao wa kulipia unaoweza kuwapa. Ulizeni mambo ambayo yeye peke yake anayajua: alimpataje yule mtoto aliyeigiza, tukio la mvua lilipigwa kwa siku ngapi, fedha zilipokwisha alifanyaje. Swali liwe fupi. Kuna ndugu zetu ambao wakishapewa kipaza sauti hukumbuka msimu wa kampeni, wakaanza kwa kumshukuru kila aliyehudhuria, na zamu ikaishia kwao.

Kuhusu safari sitasema mengi. Chukueni pasipoti, kwa maana Tanzania si Uganda ambako kitambulisho cha taifa hutosha, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kutoka Nairobi basi la Dar es Salaam kupitia Namanga na Arusha huchukua mchana kutwa na sehemu ya usiku, na kutoka Dar boti za mwendo wa kasi hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Msishtuke mkitajiwa bei kwa maelfu, kwani shilingi moja yetu hubadilishwa kwa takriban 20 za kwao. Tarehe za tamasha zimekuwa zikihama kati ya Juni na Agosti, kwa hiyo msiombe ruhusa kwa mwalimu mkuu wala kulipia chumba kabla tarehe za mwaka huo hazijatangazwa rasmi.

Mimi ni msichana ninayefanya kazi Nakuru. Ningependa kumpeleka mama yangu kwenye tamasha la filamu jijini Nairobi, naye anataka kumchukua mjukuu wake wa miaka tisa. Mama anazungumza Kiswahili na Kikuyu vizuri sana, lakini Kiingereza hakisomi kwa kasi, na ninaogopa atakaa saa mbili akitazama midomo ikicheza tu. Je, nimwache nyumbani? — Binti ya Mama, Nakuru

Binti yangu, mama asiachwe. Hofu yako ina msingi, kwa sababu filamu nyingi za matamasha huzungumza lugha zisizo zetu na maandishi yake huwa ya Kiingereza, na maandishi hayo hayamsubiri mtu. Mstari ukipita umepita. Lakini tatizo hilo ni kongwe, na wenzetu wamelitafutia dawa mbalimbali.

Huko Berlin, tamasha lina sehemu ya filamu za watoto na vijana iliyoanza mwaka 1978, na kwa kuwa mtoto mdogo hasomi haraka, mtu huketi ukumbini na kipaza sauti akawasomea watoto maneno yote kwa Kijerumani, moja kwa moja, filamu ikiendelea. Anayedhani hilo ni jambo la Wazungu ajiulize DJ Afro anafanya nini. Katika vibanda vya video na mabasi ya masafa marefu tumemsikia kwa miaka akiipa filamu ya Kihindi au ya Kichina Kiswahili chake mwenyewe, akiongeza utani wake na kumpachika mwovu jina la mtaani, na abiria waliochoka wakaangua kicheko. Tamaduni ya kumfasiria mtazamaji papo hapo tunayo sisi tayari. Kilichokosekana ni matamasha yetu kuithamini, na kwa maoni yangu ni aibu kidogo kwamba tamasha linaweza kufanyika katika nchi ya Waswahili na mtu asiyesoma Kiingereza akajihisi mgeni mbele ya skrini.

Wakati tunasubiri hilo libadilike, fanya hivi. Waandikie waandalizi mapema uwaulize ni filamu zipi zinazungumza Kiswahili au lugha nyingine za Kenya, kwa sababu ratiba haielezi hilo vizuri kila mara, nao wakiulizwa na watu wengi wataanza kulichapisha. Hizo ndizo ziwe msingi wa siku ya mama. Ongeza moja ya hali halisi inayohusu kilimo, ndoa, ardhi au ugonjwa, mambo ambayo mwanamke wa umri wake anayasoma usoni pa mtu kabla hajafungua mdomo; utashangaa jinsi atakavyokueleza yaliyotokea. Kama kuna filamu ya lugha ya kigeni ambayo kweli unataka aione, kaeni pembeni mwa safu ya nyuma, umsimulie kwa ufupi kabla haijaanza, kisha umnong'oneze tu pale hadithi inapogeuka. Ukimfasiria kila sentensi utawaudhi jirani zako na wewe mwenyewe hutaiona filamu.

Kwa upande wa mjukuu, sheria ya Kenya inataka kila filamu inayoonyeshwa hadharani iwe imepitiwa na kuwekwa daraja na bodi inayohusika, na tamasha halikusamehewa. Tafuta alama ya daraja katika ratiba au langoni: GE ni ya kila mtu, PG yataka mzazi awe karibu, na zile za 16 na 18 huyo mtoto hafai kuziingia hata akiwa na nyanya yake. Usitegemee picha iliyo kwenye bango, kwani filamu yenye mtoto katika bango si lazima iwe ya watoto. Ukitaka kuwazoeza wote wawili kabla ya safari, itafute Supa Modo, filamu ya Kenya iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika sehemu hiyo ya watoto huko Berlin mwaka 2018. Ni hadithi ya msichana wa miaka tisa, mgonjwa sana, anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinachoamua kumsaidia awe shujaa huyo. Mama ataifuata bila msaada wako, ila kitambaa cha kufutia machozi kiwe karibu.

Nilihudhuria tamasha moja nikaingia katika filamu ambayo kwa dakika arobaini mtu alikuwa akitembea tu jangwani. Nilivumilia mpaka mwisho kwa sababu mwongozaji alikuwa ameketi mbele yangu. Je, kutoka katikati ya filamu ni utovu wa adabu? — Mvumilivu, Kakamega

Si utovu wa adabu, bwana Mvumilivu, ila kuna wakati wake. Waongozaji waliozoea matamasha wameona watu wengi wakitoka, na wanajua kwamba wengine wana onyesho jingine ng'ambo ya mji, wengine wanafuata basi la mwisho, na wengine, kweli, wamechoka na jangwa. Kinachowaudhi ni kelele: kiti kinachogongwa, simu inayowashwa taa yake ukumbini, mazungumzo mlangoni. Ukijua kwamba huna hakika na filamu, kaa kiti cha pembeni tangu mwanzo, ipe robo saa au nusu saa, kisha toka ukiwa umeinama, wakati sauti ya filamu iko juu.

Zipo nyakati mbili ambazo ningekusihi usitoke. Moja ni katika kikao cha filamu fupi, ambapo unatakiwa usubiri angalau ile moja iishe, kwa sababu ya pili huenda ikawa bora kuliko zote na dakika kumi hazitakuua. Nyingine ni pale filamu imekwisha na majina ya wafanyakazi yanapita. Watu wetu wengi hunyanyuka hapo kwa pamoja, kama abiria ndege ikigusa ardhi, ilhali mpiga picha, fundi wa sauti na mshonaji wa mavazi mara nyingi wako humo humo ukumbini, wamesafiri ili kuyaona majina yao yakipita mbele ya watu. Kaa mpaka taa ziwake. Na kama yule mwongozaji wa jangwa alibaki kujibu maswali, ulikuwa na haki kamili ya kumuuliza kwa nini yule mtu alitembea muda wote ule. Huenda alikuwa na jibu zuri.